Maji Mekundu ya Kompresa

Gari la kituo cha polisi lilikuwa lije saa kumi. Inspekta Nicolas alisema hivyo mara mbili, na mara ya pili aliitazama saa ya mkononi kana kwamba saa yenyewe ndiyo iliyotoa amri.

"Saa kumi Papa Zakaria anaenda parquet," alisema, akimaanisha ofisi ya mwendesha mashtaka. "Na kule si mimi njo nitaamua. Dosie inasema kujaribu kuua mutu. Maman Colette, unajua mwenyewe, mutu akiingia na neno ya vile hatokake mbio."

"Sasa ni saa ngapi?"

"Saa ine na nusu."

Colette alikuwa ameinama juu ya injini ya jeep nyeusi, katika parseli, ua wa nyumba ya Patron Emile, huku mtaani Kabondo. Boneti ilikuwa wazi. Alikuwa anatazama chombo cha plastiki, kidogo tu, ngumi mbili zingekijaza, na ndani yake maji mekundu. Pembeni palikuwa na chombo kingine, kikubwa, chenye maji ya kijani. Ya kijani ni ya kupoza injini. Mekundu ni ya kompresa peke yake, ile mashine inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Hewa ikisukumwa inapata moto, basi kuna radiateri ndogo imefichwa chini ya kompresa ili kuipoza, na maji mekundu yanazunguka mle. Mabomba yake ni mengine na ya kijani ni mengine. Hayakutani popote.

Maji ya kijani hayakuwahi kupungua. Mekundu yalikuwa yanapotea, na hakuna aliyejua yanakwenda wapi.

"Nipe karatasi yangu," Colette alisema.

Nicolas aliitoa kwenye dosie, jalada la kesi. Ilikuwa na mistari miwili, kwa mwandiko wa Colette mwenyewe, herufi kubwa kubwa za mtu aliyeachia shule darasa la sita. *Mimi Colette, mekanisie wa Simi-Simi, nilipima gari. Haina tundu.* Chini, sahihi.

"Si uliandika?" Nicolas alisema. "Kama haina tundu, mutu njo anatoa maji. Mutu gani analala na gari? Sentineli, mulinzi. Siku ileile tukamukamata Papa Zakaria."

"Nilijua!" Patron Emile aliitika kutoka barazani. Alikuwa mfanyabiashara wa mbao, mnene, amevaa singlendi, na alikuwa anajipepea kwa kipande cha katoni, maana umeme ulikatika tangu asubuhi. "Walitaka kompresa iungue, nife katikati ya pori! Na tangu mumufunge yule muzee, maji haijashuka hata tone. Siku mbili! Maman, unatafuta nini tena?"

Ni kweli. Maji yalikuwa yamesimama palepale kwenye mstari wa juzi, mmoja wa mistari ya kalamu iliyochorwa kwenye chombo. Colette aliulinganisha mstari ule na mingine.

Madina, binti wa Papa Zakaria, alikuwa amekaa kwenye kigoda cha baba yake karibu na lango. Asubuhi ile alitembea kwa mguu hadi Simi-Simi, akasimama mbele ya garage ya Colette bila salamu, akamwita yaya, yaani dada, akauliza neno moja: "Yaya, ulitazama kila pahali?" Tangu hapo hakusema tena na Colette.

"Guelord, kuja," Colette aliita.

Dereva alikuja, mrefu, kijiti mdomoni.

"Hii mistari ni yako?"

"Njo yangu. Kila asubui naweka mustari moja, Patron asiseme mimi njo naiba."

"Na huu wa juu kabisa?"

Guelord alikuna shingo. "Huu ni wa siku tulirudi toka Banalia. Tulifanya siku tatu kwa barabara."

"Wa siku mulienda ni huu wa chini yake."

"Niliona. Nikasema mukono ilitetemeka."

"Maji ilipanda."

"Aa, Yaya Colette! Uliona wapi gari inajiongezea maji? Ni mvua ilinyesha ndani?" Alicheka, na Nicolas akacheka naye. Colette hakucheka.

"Kisha ya safari, ukifungua kifuniko, inafanya nini?"

"Inafanya pshhh. Kama sucré, ile soda, mutu ametikisa."

"Ikiwa moto tu?"

"Hata ikilala, asubui yake ni vilevile."

Colette alipitisha kidole juu ya mistari. Barabarani maji yanapanda. Nyumbani yanashuka. Mzee akiwa kizuizini, yanasimama. Kwa mtu wa polisi hiyo ilikuwa hesabu nyepesi. Kwa mekanisie kulikuwa na jambo moja lisilokaa sawa: mwizi anaweza kutoa maji, lakini mwizi gani anasafiri hadi Banalia ili ayaongeze?

"Na chupa?" Nicolas alisema, kana kwamba alisikia anachofikiri. Alitoa kwenye mfuko chupa ya plastiki, nusu yake kioevu chekundu. "Hii ilitoka ndani ya kibanda ya sentineli. Rangi ni moja."

"Ni bissap, juisi ya maua mekundu!" Madina alisimama. "Mimi mwenyewe nilimuletea na chakula!"

"Kila mutu anasemaka ni bissap."

"Onja basi!"

"Nionje sumu?"

"Usionje," Colette alisema. "Kama ni ya gari, itakuua kweli. Madina, kuna sabuni ya kufulia?"

Madina alimtazama kidogo, kisha akaingia jikoni kwa Patron, akarudi na kipande cha sabuni na vikombe viwili vyeupe vya bati. Alikoroga sabuni ndani ya maji mpaka yakawa kama maziwa. Colette alidondosha matone ya chupa katika kikombe cha kwanza. Kwa sindano ya plastiki akavuta maji ya chombo cha kompresa, akayadondosha katika cha pili.

Kikombe cha pili kilibaki chekundu, chekundu cha kufifia. Cha kwanza kiligeuka rangi ya jeraha lililovilia damu, kisha kijani chafu.

"Bissap ikimwangika kwa nguo nyeupe, ukipiga sabuni, inageuka hivi," Colette alisema. "Mwanamuke yote anajua."

"Polisi hajui," Madina alisema.

Nicolas aliangalia vikombe, cha kwanza, cha pili, tena cha kwanza. Halafu alifungua dosie na kupiga msalaba juu ya mstari mmoja. "Bon. Hiyo inatoa chupa," alisema. "Mutu bado iko ndani."

Ilikuwa saa tano na nusu.

Colette alivuka barabara. Mbele ya lango, Jérémie alikuwa na kazi yake ya kuziba mipira ya baiskeli za watoleka, wale wanaobeba abiria kwa baiskeli: kiti kimoja, beseni la maji, gundi na pompe ndefu ya mkono ya kujaza upepo. Ni pompe ileile Colette aliyoazima siku ya kupima. Siku ile aliifunga kwenye bomba la maji mekundu pamoja na saa ndogo ya presha, akasukuma hewa, akaketi kungoja. Kwa nusu saa mshale ulishuka alama moja. Moja tu. Alitandika katoni chini ya gari, ikabaki kavu. Akajiambia ni pompe. Pompe za watoleka zote zinavuja kwenye ngozi, mji mzima unajua. Kwa hiyo akaandika: haina tundu.

"Nisaidie pompe tena," alimwambia Jérémie.

Jérémie hakuinua kichwa. "Pompe gani? Ile ulisema inavuja? Barabara yote ilisikia, maman. Jana watoleka wawili walinipita hapa, wakaenda kujaza upepo kule mbele. Pompe yangu, tangu unaizarau, inalala na aibu."

"Njo maana nimekuja. Nataka kuipima yenyewe."

Aliifunga pompe kwenye saa ya presha, na upande wa pili akafunga kipande cha mpira kilichozibwa. Alisukuma mpaka mshale ukafika palepale pa siku ile. Kisha akazamisha vyote, isipokuwa saa, ndani ya beseni la Jérémie, kama wanavyotafuta tundu la mpira. Nicolas alisogea. Madina alisogea. Wote walitazama maji.

Hakuna povu lililotoka. Nusu saa kamili kwa saa ya Nicolas. Mshale haukutikisika.

"Alors?" Jérémie alisema. "Sema."

"Pompe ni muzima."

"Siku ile haukusema polepole vile. Na nguvu!"

"Pompe yako ni muzima, Jérémie!"

Mtoleka mmoja aliyekuwa anapita aligeuza shingo. Jérémie aliridhika. Colette alibaki ameshika ukingo wa beseni. Kama pompe haina kosa, ile alama moja ilikuwa ya gari. Aliiona kwa macho yake na akaitupa, na kwa kuitupa, mtu alikuwa amelala siku mbili kwenye sakafu ya kizuizi.

"Donc, gari iko na tundu," Nicolas alisema. "Maji inaenda wapi? Chini ni kavu. Inaruka?"

Colette alirudi ndani ya parseli moja kwa moja mpaka barazani.

"Patron, hapa nyumbani gari inafanyaka kazi gani?"

"Kazi gani? Hapa inalala."

Guelord aliangalia viatu vyake. Colette aliona.

"Guelord."

"Mimi sijasema kitu."

"Njo maana nakuuliza."

Dereva alitoa kijiti mdomoni. "Courant ya umeme ikikatika... Patron anaingia ndani ya gari. Tunawasha moteri, anapata baridi ya klim, anashariji telefone zake."

"Ni gari yangu!" Emile alifoka. "Mutu afe na joto, na gari yake iko na klim?"

"Gari ikisimama palepale?" Colette aliuliza. "Moteri inanguruma polepole?"

"Masaa mbili, masaa tatu," Guelord alisema. "Siku ingine anasinzia mule."

"Na tangu Papa Zakaria afungwe?"

Emile aliacha kujipepea. "Tangu siku ile, nani ataingia? Nimeambiwa wananiua, niingie?"

"Kwa hiyo siku mbili haijawaka."

Guelord aliitikia kwa kichwa.

"Chef, sikia," Colette alimwambia Nicolas, akisema kwa haraka sasa. "Tundu ni moja, ndani kabisa, kwa ile radiateri ndogo ya kompresa. Barabarani kompresa inasukuma hewa na nguvu. Hewa inapita kwa tundu, inaingia ndani ya maji. Njo maji inapanda, njo kifuniko inafanya pshhh. Lakini gari ikisimama na moteri inawaka polepole, moteri inavuta, kama mutoto anavuta ziwa ya mama. Inavuta maji kwa tundu lilelile, inaichoma, inaitoa nyuma kama moshi. Chini hautaona kitu. Mwaka muzima hautaona."

Nicolas alifikiri. "Ile ni maneno mazuri," alisema. "Mimi natumika na kitu ya kuona. Na ni saa saba kasoro."

"Nitakuonesha. Funga kifuniko mwenyewe."

Nicolas alifunga. Alizungushia kifuniko utepe, akaweka sahihi yake juu ya utepe, na kwa kalamu akapiga mstari mpya mahali maji yaliposimama. Colette aliweka katoni kavu chini ya gari. Guelord aliwasha. Nyuma ulitoka moshi mweupe, mzito, wenye harufu tamu tamu, kisha ukapungua.

"Patron, ingia kama kila siku."

"Mimi? Hapana."

Kwa dakika kumi Patron Emile alisimama kivulini akitokwa na jasho. Dakika ya kumi na moja alikuja na telefone zake tatu, akaingia, akafunga mlango na kupandisha vioo.

Walingoja. Madina alirudi kwenye kigoda. Nicolas alisimama mbele ya injini, mikono nyuma. Colette alizunguka gari polepole. Kwenye ukuta mweupe nyuma ya ekzosi palikuwa na madoa meusi, mamia, kama mtu amenyunyiza wino. Aligusa moja. Lilinata, na harufu yake ilikuwa ileile tamu ya moshi. Ni hapo gari linapoegeshwa kila siku, na hakuna aliyewahi kutazama ukuta. Kila mtu alitazama chini.

Saa nane na nusu maji yalikuwa yameshuka upana wa kidole chini ya mstari wa Nicolas. Utepe ulikuwa mzima, na sahihi juu yake. Katoni ilikuwa kavu.

Nicolas alipiga magoti, akatazama chini ya gari mwenyewe, akainuka na vumbi kwenye suruali. "Bado haijanionesha pahali maji inaingia," alisema, lakini polepole zaidi. "Procureur kule parquet ataniuliza: ulivyoona maji ndani ya moteri, uliyaona wapi?"

"Nipe saa moja."

"Gari inakuja saa kumi, maman. Mi sisimamishi saa."

Guelord alizima, lakini injini ilikuwa bado ya moto. Colette alijifunga vitambaa mikononi, akaanza kutoa buji, zile zinazowasha moto ndani ya silinda. Zilikuwa nane. Ya kwanza ilikuwa ya kahawia, kama inavyotakiwa. Ya pili, kahawia. Ya tatu ilikwama, akaungua kidole, akanyonya kidole, akaendelea. Aliipanga kila moja juu ya gazeti kwa nafasi yake. Saba zilikuwa za kahawia. Moja, ya tatu upande wa kulia, ilikuwa nyeupe na safi kama jino lililopigwa mswaki.

"Huyu anaoshwa kila siku," alisema. "Na nani?"

Alifunga tena pompe ya Jérémie kwenye bomba la maji mekundu, akasukuma. Mshale ulipanda. Kisha, polepole sana, ukaanza kushuka. Ilibidi kuyapa maji muda wa kupenya. Alikaa juu ya tairi la akiba, macho kwenye mshale. Alama moja. Mkono wa Guelord ulikuwa tayari kwenye ufunguo. Alama moja na nusu.

Honi ililia langoni.

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi. Pickup ya kituo ilisimama barabarani, na nyuma, kati ya polisi wawili, alikaa Papa Zakaria, kofia yake nyeupe kichwani, mikono ndani ya pingu, miguu bila viatu. Madina alikimbia. Polisi mmoja alimzuia kwa mkono.

"Chef, twende!" dereva wa pickup aliita. "Dosie iko na weye!"

Nicolas alichukua dosie.

"Chef, dakika mbili," Colette alisema.

"Maman..."

"Kuja hapa karibu. Karibu zaidi. Tazama hii shimo ya tatu. Guelord, piga!"

Guelord alipiga. Injini bila buji ilizunguka kwa sauti nyepesi, ya kupumua, fff, fff, fff. Mashimo saba yalitoa upepo. Shimo la tatu likatema.

Maji yalikuwa mekundu. Yalipanda juu kama mate ya mtu mwenye hasira, yakampata Nicolas kwenye shati jeupe, kifuani, na juu ya dosie. Guelord alipiga tena, yakatoka tena, kidogo.

Nicolas alishusha macho kwenye kifua chake. Madina alikuwa amesharudi na kikombe cha bati chenye maji ya sabuni. Alichovya kitambaa na kusugua doa mwenyewe, bila kumwomba ruhusa, wote wakiangalia.

Doa lilibaki jekundu.

"Si bissap," Nicolas alisema.

"Si bissap," Madina alisema.

Nicolas alifungua dosie juu ya tairi la akiba, karatasi zikiwa zimerowa pembeni. "Kuna karatasi yako hapa, Maman Colette. Bila hiyo singemukamata. Na bila ingine siwezi kumuachilia. Andika. Weka jina, weka garage. Watu watasoma, ujue."

Colette aliandika. Vidole vilikuwa na mafuta, karatasi ikachafuka. *Mimi Colette, mekanisie wa Simi-Simi, nilikosa. Gari iko na tundu. Iko ndani. Mutu haja­toa maji.* Alitia sahihi.

Patron Emile alikuwa ametoka kwenye gari, telefone zote tatu mkononi. "Donc," alisema, "nani alitaka kuniua?"

"Hakuna mutu, Patron."

"Hakuna mutu kabisa?"

"Kabisa. Lakini ungewasha tena siku mbili, tatu, silinda ingejaa maji, na moteri ingevunjika."

Patron alionekana kama mtu aliyenyang'anywa kitu chake.

Pingu zilifunguliwa pale pale, barabarani. Papa Zakaria alishuka taratibu, akisugua mikono, akamruhusu Madina amshike. Aliingia ndani ya lango na kusimama mbele ya Colette. Alikuwa mzee mdogo wa mwili, mtu wa Maniema, na sauti yake ilikuwa ya heshima kama siku zote.

"Njo weye uliandika haina tundu?"

"Njo mimi, papa."

"Na leo?"

"Leo nimeandika iko."

Alitikisa kichwa, kama mtu anayehakikisha amesikia vizuri. Kisha akageuka, akatazama lango lililo wazi. Nje walikuwa wamesimama majirani, watoleka, mama wa kuuza pondu, yale majani ya muhogo, na beseni lake kichwani, wale wale wa juzi.

"Mi sijui kusoma," alisema. "Na hawa hawatasoma dosie ya polisi. Siku ile walinitoa hapa mbele ya barabara yote."

Colette alijifuta mikono kwenye kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine, ingawa hakikusafika hata kimoja. Alitoka mpaka katikati ya barabara. Jérémie aliinua kichwa kutoka kwenye beseni lake, akamtazama, na safari hii hakumsuta.

"Na nguvu," alimwambia, taratibu.

"Papa Zakaria hakuiba!" Colette alisema, na sauti yake ilifika mpaka kwenye kona. "Hakuharibu kitu! Gari iko na tundu, na mimi njo nilikosa! Mimi, Colette wa Simi-Simi!"

Mama wa pondu alishusha beseni. Mtu fulani aliuliza, mwingine akamjibu, na neno likaanza kutembea kutoka mlango hadi mlango.

Nyuma yake, Papa Zakaria aliingia kibandani, akavaa viatu vyake. Alichukua kigoda, akakiweka chini ya kwapa.

"Zakaria!" Patron Emile aliita kutoka barazani. "Na leo nani atalinda?"

Mzee alipita langoni pamoja na binti yake, akampita Colette katikati ya barabara, akamgusa bega kwa mkono ulio na alama ya pingu, na akaendelea kutembea.